Bakteria Wanaorutubisha Udongo na Istilahi Zao: Mfano wa Masasi na Newala

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kupokea maswali ya aina mbili. La kwanza ni la mfasiri aliyeketi mezani pake: neno hili la kigeni tuliiteje kwa Kiswahili? La pili huulizwa mara chache, lakini ndilo zito zaidi. Ni swali la mtu aliyesimama shambani: neno hili la Kiswahili mliloniletea lanitaka nifanye nini? Istilahi iliyojibu swali la kwanza na kushindwa kujibu la pili bado haijamaliza kazi yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la elimu ya kilimo, yaani jinsi bakteria waliomo ardhini wanavyoisaidia mimea kukua, na papo hapo kuyapima maneno yanayotumika kulieleza. Tumechagua wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kwa sababu mbili. Mosi, huko mkulima hupanda kunde, mbaazi, choroko, karanga na njugu mawe, mazao ambayo maisha yake yamefungamana na bakteria hao. Pili, huko huko mikorosho hupuliziwa salfa, na salfa ikifika ardhini huangukia mikononi mwa bakteria wa aina nyingine, ambao kazi yao yaweza kuwadhuru wale wa kwanza. Basi mwalimu, mfasiri au mtumishi wa serikali anayeandika maelezo kwa wakulima wa sehemu hizo hana budi kuchagua maneno yake kwa uangalifu.

Na tuchukue sentensi ambayo mfasiri mwenye haraka angeweza kuiandika: "Vijidudu hivi ni vimelea vinavyoambukiza mizizi ya kunde na kurekebisha naitrojeni ya hewani." Kisarufi haina kosa. Kila neno limo kamusini. Hata hivyo mkulima atakayeiamini atakwenda kununua dawa ya kuviua vijidudu hivyo. Hebu tuone ni kwa nini.

Mahali penyewe

Newala imekaa juu ya Uwanda wa Juu wa Makonde, karibu na ukingo wake wa magharibi, ambako ardhi hukatika na kuteremka kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katika nchi ya tambarare yenye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja. Udongo wa juu ya uwanda, kwa sehemu kubwa, ni wa kichanga, wenye kina kirefu, na maji ya mvua huzama humo upesi. Ndiyo sababu ya ile shida ya maji inayojulikana sana uwandani, ambako zamani watu waliteremka hadi chini ya ukingo kuyateka.

Maji yanapozama hayaendi peke yake. Huyeyusha chumvi za rutuba na kuteremka nazo mpaka chini ya mizizi, mahali ambapo mhindi au mtama hauwezi kuzifikia. Udongo wa namna hii hauwezi kuweka akiba. Wazee wa uwandani walilijua jambo hilo kwa uzoefu, wakawa wakilima shamba kwa miaka michache, kisha wakaliacha liote vichaka na kupumzika. Watu wakiongezeka na mikorosho ikienea, nafasi ya kulipumzisha shamba hupungua. Hapo ndipo thamani ya kunde na jamaa zake inapoonekana, kwa kuwa mimea hiyo hujipatia sehemu ya chakula chake mahali ambapo mimea mingine haiwezi kukipata, yaani hewani.

Kazi ya bakteria

Sehemu kubwa ya hewa, yaani asilimia 78 hivi, ni naitrojeni. Mmea hauwezi kuishi bila naitrojeni, kwa sababu ndiyo inayojenga protini zake na ule ukijani wa majani. Lakini naitrojeni ya hewani imo katika hali ya atomi mbili zilizoshikana kwa nguvu nyingi mno, na hakuna mmea unaoweza kuziachanisha. Kiwandani huachanishwa kwa njia iliyovumbuliwa na Fritz Haber na kukuzwa na Carl Bosch huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, nayo huhitaji joto la nyuzi 400 au zaidi pamoja na mgandamizo mkubwa sana. Ndiko inakotoka mbolea ya chumvichumvi ya mifukoni, na ndiyo sababu mojawapo ya ughali wake.

Kazi hiyo hiyo hufanywa bila moto na bakteria waliomo katika mizizi ya kunde. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walitangaza kwamba mimea ya jamii hii hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa viumbe wadogo waliomo katika vivimbe vya mizizi yake. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria hao na kuwakuza peke yao. Kwa jina la jumla huitwa rizobia.

Uhusiano wao na mmea una hatua zake. Mzizi mchanga hutoa udongoni kemikali ambazo bakteria huzitambua. Bakteria nao hutoa kemikali za kuujibu mzizi. Vinyweleo vya mzizi hujikunja na kuwazunguka, nao hupita kwa ndani katika njia nyembamba mpaka mahali ambapo mmea umekwisha kuanza kuwajengea makao. Makao hayo ndiyo vinundu. Humo ndani mmea huwalisha bakteria kwa sukari uliyoitengeneza kwa mwanga wa jua, na bakteria huulipa mmea kwa naitrojeni waliyoigeuza ikawa amonia.

Kimeng'enya cha bakteria kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni. Kwa hiyo mmea hutengeneza ndani ya kinundu protini nyekundu, iliyo jamaa ya ile inayozipa damu zetu rangi, ili kuishika oksijeni isizidi kiasi. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Na ang'oe taratibu mche wa kunde unaokaribia kutoa maua, asuguesugue udongo, akipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi kwa ndani, bakteria wamo kazini. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hawafanyi kazi, ama hawajaanza, ama wamekoma.

Bakteria wenye msaada si rizobia tu. Wako wanaoishi kando ya mizizi ya mtama na mahindi, wasiojenga vinundu, wanaotoa homoni zinazouhimiza mzizi utawanyike. Wako wanaotoa asidi nyepesi zinazoyeyusha fosforasi iliyonaswa katika chembe za udongo. Na wako wanaoozesha majani na samadi mpaka vikawa mboji. Katika kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba waweza kuwamo bakteria wengi kuliko watu wote waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022.

Maneno yanayopotosha

Sasa na tuirudie ile sentensi, neno baada ya neno.

Neno "vijidudu" tumelizoea kutoka zahanati. Kwa miaka mingi limetumika kueleza kinacholeta kipindupindu, kifua kikuu na homa ya matumbo, na limefanya kazi nzuri katika elimu ya afya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo limekwisha kujaa maana ya maradhi. Isitoshe, kwa mkulima "dudu" ni adui anayetafuna, na "kijidudu" ni adui mdogo zaidi. Tunaona kwamba katika elimu ya kilimo neno "bakteria" lafaa zaidi, kwa kuwa halihukumu. Kiumbe aitwaye bakteria aweza kuwa wa heri au wa shari kama mtu yeyote, na kazi yake ndiyo itakayomtambulisha.

Neno "vimelea" lina kosa kubwa zaidi, kwa kuwa linasema uongo. Kimelea ni kiumbe anayeishi kwa kumnyonya mwenziwe bila ya kumlipa. Rizobia hulipa. Tukimwita kimelea tunaifuta elimu yote tuliyokusudia kuifundisha. Uhusiano wa kufaidiana umekwisha kupata maneno mengine katika lugha yetu: ubia, ujima, kikoa. Mkulima anayejua ushirika wa kulima kwa zamu hahitaji maelezo marefu ili aelewe kwamba bakteria na kunde wako katika ubia.

Neno "kuambukiza" nalo limefungwa katika maradhi. Ni kweli kwamba wanasayansi hutumia neno la maana hiyo kwa tendo la bakteria kuingia mzizini. Lakini mfasiri hafasiri maneno ya wanasayansi tu, hufasiri jambo. Kwa Kiswahili inatosha kusema kwamba bakteria "huingia mzizini" au "hukaribishwa mzizini". Usemi wa pili una ukweli zaidi, maana mzizi wenyewe ndio unaotangulia kuita.

Kosa la "kurekebisha" latokana na mtego wa lugha. Neno la Kiingereza lililomo katika istilahi hii lina maana ya kutengeneza kilichoharibika, na lina maana nyingine ya kukifanya kitu kisichotulia kitulie mahali. Mfasiri aliyeishika maana ya kwanza hutuachia swali: naitrojeni ya hewani ilikuwa na hitilafu gani hata irekebishwe? Maneno mengine yaliyo karibu ni kufunga, kugandisha na kunasa. Kufunga huleta picha ya kuzuia, na kugandisha huleta picha ya barafu. Kunasa, kama mtego unavyomnasa ndege, huonyesha kwamba kitu kilichokuwa kikipita hewani sasa kimeshikwa na chaweza kutumika. Haliutaji ule mgeuzo wa kikemia, lakini halipingani nao. Tunapendekeza "kunasa naitrojeni", na jina la tendo liwe "unasaji wa naitrojeni".

Kuna neno jingine ambalo halimo katika sentensi ile, lakini huonekana mara nyingi: "dawa". Baadhi ya mazao, hasa soya, huhitaji rizobia wa aina yake maalumu, ambao huenda hawamo katika udongo ambao haujawahi kuoteshwa zao hilo. Kunde, karanga na njugu mawe hazichagui sana, na aghalabu hukuta wenyeji wa udongo wakawatosha. Kwa ajili ya soya hutengenezwa unga wenye bakteria hai wa kupaka mbegu kabla ya kupanda. Nchini Kenya upo unaouzwa kwa jina la Biofix, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilipata kutengeneza wake kwa jina la Nitrosua.

Unga huo ukiitwa "dawa ya mbegu" hasara yaja kwa njia mbili. Muuza duka atauweka dirishani juani pamoja na dawa nyingine, na bakteria watakufa kwa joto kabla hawajanunuliwa. Mkulima naye ataichanganya mbegu kwa siku moja na dawa ya kuua kuvu, akawaua waliosalia. Ukiitwa "chanjo", kama wengine wanavyopenda, twarudi kulekule zahanatini: chanjo humkinga mtu na vijidudu, ilhali hapa twataka kuwaleta. Tunapendekeza usemi ulio wazi, "bakteria wa kupaka", na katika kueleza wafananishwe na hamira. Kila anayepika maandazi anajua kwamba hamira ina uhai, kwamba haiwekwi motoni, na kwamba ikifa unga hauumuki. Akilijua hilo, ameyajua masharti yote: mbegu ipakwe kivulini, ipandwe siku hiyo hiyo, ifukiwe mara moja.

Vinundu na mafundo

Jambo jingine lahitaji maneno mawili mahali ambapo sasa hutumika moja. Mizizi ya kunde yaweza kuvimba kwa sababu mbili. Kuna vinundu vya rizobia, na kuna uvimbe unaoletwa na minyoo wadogo sana wanaoishi udongoni na kuidhoofisha mimea. Maelezo yakisema tu "uvimbe katika mizizi", Bwana Shamba mmoja atawaambia wakulima wafurahi na mwingine atawaambia wang'oe, na wote wawili watakuwa wamelisoma neno lile lile.

Kinundu hukaa ubavuni mwa mzizi na huchomoka kwa urahisi ukikisugua. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, hauchomoki ila kwa kukata. Kwa hiyo tunapendekeza "kinundu cha mzizi", kutokana na nundu ya ng'ombe, ambayo ni akiba na dalili ya afya, kwa ajili ya rizobia. Na "fundo la minyoo" kwa ajili ya ule wa pili. Nundu na fundo havichanganyiki katika masikio ya Mswahili.

Hapo hapo yafaa kuonya juu ya usemi kwamba "kunde hurutubisha udongo". Usemi huo ni nusu ya kweli. Naitrojeni nyingi iliyonaswa huishia katika punje, na punje huliwa au huuzwa. Kinachobaki kwa ajili ya mtama wa mwaka ujao kimo katika majani, mashina na mizizi. Karanga na njugu mawe hung'olewa nzima nzima, vinundu vikiwamo, na mabaki yakichomwa moto au kuachwa uani shamba halikupata kitu. Mfasiri aandike basi: kunde hurutubisha udongo mabaki yake yakirudishwa shambani.

Salfa na uchachu wa udongo

Tumefika mahali ambapo mikorosho na kunde hukutana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mikorosho ya kusini ilitambuliwa kuwa na ugonjwa wa ubwiriunga, unaoletwa na kuvu anayefunika maua na majani machanga kwa unga mweupe. Zao lilikuwa limefikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, kisha likaanguka vibaya kwa sababu kadha wa kadha, ugonjwa huo ukiwa mojawapo. Dawa iliyoenea ilikuwa salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine wakati wa maua. Iliokoa zao, na hatuna nia ya kuilaumu.

Lakini salfa isiyoshika majani huanguka chini. Huko hukuta bakteria wa salfa, ambao Sergei Winogradsky aliwachunguza mwaka 1887 na kuonyesha kwamba hupata nguvu zao za kuishi kwa kuiunguza salfa badala ya chakula. Matokeo ya kazi yao ni asidi ya salfa. Udongo wa mfinyanzi huweza kuivumilia kwa muda, bali kichanga cha Newala hakina nguvu ya kuizuia. Uchunguzi uliofanywa kusini katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba udongo ulio chini ya mikorosho iliyopuliziwa salfa ulikuwa umezidi uchachu.

Uchachu ukizidi, alumini huyeyuka na kuidumaza mizizi, na molibdeni, ambayo kimeng'enya cha rizobia hakiwezi kufanya kazi bila hiyo, huwa adimu kwa mmea. Rizobia hupungua, na mmea hushindwa kujenga vinundu. Mkulima aliyepanda kunde kati ya mikorosho yake huona majani yamepauka, wala hakumbuki ule unga wa kiangazi. Bakteria wamemsaidia kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Ndiyo maana tulisema kwamba jina lao lisiwahukumu kabla ya kazi yao kujulikana.

Kwa upande wa istilahi, hapa tuna maneno mawili ya kuamua. La kwanza ni "kibiriti", lililotoka Kiarabu, ambalo zamani ndilo lililokuwa jina la madini haya. Leo kibiriti ni kile cha kuwashia moto, na kumwambia mkulima kwamba shamba lake limezidi kibiriti ni kumwogopesha bure. "Salfa" limekwisha kukaa midomoni mwa watu wa Masasi na Newala, nasi twalipokea. La pili ni "tindikali". Wengi hulijua kwa maji makali ya betri, yaunguzayo nguo na ngozi. Udongo hauunguzi mkono. Kwa shambani tunapendelea "uchachu", ambao kila mtu ameuonja katika ndimu na katika togwa iliyolala, na "asidi" ibaki kwa ajili ya kemikali zenyewe. Atakayesikia kwamba udongo umechachuka ataelewa kwa nini anaambiwa aweke chokaa au majivu, na kwa nini asizidishe kipimo cha salfa.

Ngeli ya bakteria

Tumeulizwa pia iandikwe bakteria hii au bakteria huyu. Kamusi nyingi huliweka neno hili pamoja na nomino za mkopo zisizobadilika, na kwa hiyo wengine huandika "bakteria hizi zinaishi". Sisi twashika kanuni ya zamani ya Kiswahili, kwamba kiumbe chenye uhai hupatanishwa kama kiumbe hai, hata umbo la neno likiwa la ngeli nyingine: twasema kiboko huyu, ndege hawa, samaki wale. Hili si pambo la sarufi tu. Anayesoma "bakteria hawa wafe" anajua kwamba walikuwa hai. Katika jambo hili, ambalo hasara yote hutokana na kusahau kwamba unga ule una uhai, upatanisho wa sarufi ni sehemu ya mafundisho.

Istilahi zinazopendekezwa

Bakteria (a-/wa-): viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho matupu, wenye kufaa au kudhuru kulingana na kazi yao.
Rizobia (a-/wa-): bakteria waishio katika vinundu vya mikunde na kunasa naitrojeni.
Mikunde: jamii ya mimea kama kunde, mbaazi, choroko, karanga, njugu mawe na soya.
Kinundu cha mzizi: uvimbe mdogo wenye heri, makao ya rizobia.
Fundo la minyoo: uvimbe wa mzizi uletwao na minyoo wa udongoni.
Unasaji wa naitrojeni: kazi ya kuigeuza naitrojeni ya hewani iweze kutumiwa na mmea.
Bakteria wa kupaka: bakteria hai wanaopakwa mbegu kabla ya kupandwa.
Uchachu wa udongo: hali ya udongo kuwa na asidi kupita kiasi kinachofaa.

Hitimisho

Ile sentensi ya mwanzo sasa yaweza kuandikwa upya: "Bakteria hawa huishi kwa ubia katika vinundu vya mizizi ya kunde, ambako hunasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea." Haihitaji elimu zaidi kuliko ya kwanza. Lakini mkulima wa Newala akiisoma atainama, ang'oe mche mmoja, akipasue kinundu na kutazama rangi yake. Wenzetu mlio katika ualimu, ugani na tafsiri twawaomba myapime mapendekezo haya mahali mlipo, na pale ambapo wakulima wana neno lao lililo bora kuliko letu, mtuletee nasi tulitumie.